Kingamwili ya LC3 kwa kupima otofajia: ninunue ipi, na mstari uliokoza una maana gani?

MwaniWaPaje aliuliza:

Assalaam alaykum, maalim zangu na ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Unguja, na utafiti wangu unahusu dondoo la mwani aina ya spinosum, ule uliolimwa kibiashara Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, na athari yake kwenye otofajia, yaani utaratibu ambao seli hutumia kuzifunga sehemu zake zilizochakaa ndani ya vifuko na kuzipeleka kwenye lisosomu ili zisagwe na malighafi yake itumike tena. Seli ninazotumia ni za HeLa, aina ya seli za binadamu za maabara, na huoteshwa katika maabara moja ya Dar es Salaam. Mimi huvuka kwa boti kazi inapohitaji, nikazitia dondoo, nikazivunja huko huko, kisha nikarudi na sampuli katika boksi la barafu ili nizipitishe kwenye jeli hapa nyumbani.

Nimeazimwa chupa ndogo ya kingamwili ya polikloni, iliyotengenezwa kwa sungura, inayoshika LC3, yaani protini inayojibandika kwenye vifuko hivyo vya otofajia, ambayo ilibaki katika mradi uliokwisha. Kwenye utando ambao protini huhamishiwa kutoka kwenye jeli, ninaona mistari miwili niliyoitarajia, mmoja karibu na kilodaltoni 16 (kipimo cha uzito wa protini) na mwingine karibu na 14, na juu yake kuna mstari mwingine karibu na 50 ambao sijui asili yake. Katika sampuli zilizokaa na dondoo kwa saa 24, mstari wa 14 umekoza waziwazi kuliko zile zisizotiwa kitu. Msimamizi wangu anaona kwamba hayo yanatosha kuandika kuwa dondoo linachochea otofajia, lakini mimi bado sijatulia.

Fedha iliyobaki inatosha kingamwili moja mpya tu. Je, ninunue ya LC3B, ambayo ni aina mojawapo ya LC3, au ya p62, protini inayobeba mzigo wa otofajia? Ya sungura au ya panya? Na kwa kuwa umeme wetu mnaujua, naomba pia ushauri wa kuihifadhi.

MaalimWaSeli alijibu:

Waalaykumu salaam warahmatullah. Mwanangu, wasiwasi wako una msingi, na kabla hatujazungumzia kununua chochote inafaa tuelewane kingamwili hiyo inaonesha nini hasa.

LC3 ikishatengenezwa huwa na kipande cha ziada mkiani, ambacho kimeng'enya kiitwacho ATG4 hukikata na kuiacha asidi amino ya glisini ikiwa wazi mwishoni. Hiyo ndiyo LC3-I, inayoelea ndani ya seli bila kushikamana na kifuko chochote. Otofajia inapoanza, ATG7 na ATG3, kwa msaada wa mkusanyiko wa ATG12, ATG5 na ATG16L1, huiunganisha glisini hiyo na lipidi iitwayo fosfatidiletanolamini, na LC3 iliyopata lipidi, ambayo ndiyo LC3-II, hujibandika kwenye utando wa kifuko kinachojengwa, yaani otofagosomu. LC3-II ni nzito kuliko LC3-I, lakini kwenye jeli hukimbia mbele kwa sababu ya mkia wake wa mafuta, na ndiyo maana unaiona chini, kwenye 14. Watafiti wa Japani walionesha mwaka 2000 kwamba LC3 ni ndugu wa Atg8, protini ya otofajia ya hamira, na ni katika hamira hiyo hiyo Yoshinori Ohsumi alikozibaini jeni za otofajia zilizompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Sasa angalia mwisho wa safari. Kifuko kikishaungana na lisosomu, LC3-II iliyo upande wa ndani husagwa pamoja na mzigo uliobebwa. Kwa hiyo LC3-II ni kitu kinachotengenezwa na kuliwa kwa wakati mmoja, na unachokipima kwenye utando ni kile kilichobaki kati ya mambo hayo mawili. Makontena yakirundikana bandarini Malindi, anayepita barabarani hawezi kujua kwa kutazama rundo peke yake kama meli zimezidi kuja au malori yameacha kuyachukua. Na mstari wako wa 14 uko katika hali hiyo hiyo. Dondoo lako linaweza kuwa limechochea utengenezaji wa vifuko, na linaweza pia kuwa limeziba lisosomu, yaani limeizuia otofajia, na katika hali zote mbili mstari utakoza. Kuandika “linachochea” kwa ushahidi ulionao sasa ni kuandika jambo ambalo huenda kinyume chake ndicho cha kweli, na mkaguzi yeyote anayeijua fani hii atalirudisha andiko lako siku ya kwanza.

Dawa ya tatizo hili ni kuziba lisosomu wewe mwenyewe kwa makusudi. Andaa makundi manne ya seli: zisizotiwa kitu, zenye dondoo, zenye kizuizi cha lisosomu, na zenye dondoo pamoja na kizuizi. Kizuizi kinachopendwa ni bafilomaisini A1, kwa kawaida nanomola 100 kwa saa chache za mwisho, lakini bei yake itakuumiza. Klorokwini ni rahisi zaidi, huyeyuka katika maji, na wengi hutumia maikromola 20 hadi 50. Ni ile ile tuliyoinywa kwa malaria, sisi wa umri huu tunaoukumbuka uchungu wake na muwasho wake, kabla Zanzibar haijahamia dawa mseto za artemisinini mwaka 2003. Ila usinunue vidonge ukavisaga, nunua unga safi wa maabara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kuwa klorokwini hufanya kazi zaidi kwa kuzuia otofagosomu isiungane na lisosomu, na kwa swali lako hilo linatosha.

Ukiona LC3-II katika kundi la dondoo na klorokwini imezidi ile ya klorokwini peke yake, basi vifuko vinatengenezwa kwa kasi kubwa zaidi, na hapo neno “linachochea” lina pa kusimama. Ukiona makundi hayo mawili yako sawa, ilhali dondoo peke yake linaukoza mstari, basi dalili zote zinaonesha kwamba dondoo lenyewe linafanya kazi ya klorokwini. Na unapopima ukozo wa mstari, linganisha LC3-II na aktini au tubulini, protini za kawaida za seli zinazotumika kama kipimo cha ulinganisho, wala usiigawe kwa LC3-I. Kingamwili nyingi huishika LC3-II kwa nguvu kuliko LC3-I, na LC3-I huharibika upesi sampuli ikigandishwa na kuyeyushwa, hivyo uwiano wa mistari hiyo miwili huyumba kwa sababu zisizohusiana na seli hata kidogo.

Kwa hiyo nunua ya LC3B, ya sungura, ya monokloni, yaani yenye kingamwili ya aina moja tu. Kikibaki chochote, kitumie kwenye klorokwini, si kwenye p62.

BiHadubini alijibu:

Maalim wangu, nakubaliana nawe kuhusu klorokwini, lakini p62 umeiweka kando haraka mno. p62 ndiyo inayoushika mzigo uliotiwa alama ya ubikwitini na kuufunga kwenye LC3, kisha husagwa pamoja nao ndani ya lisosomu. Otofajia ikienda vizuri p62 hupungua, ikizibwa hurundikana, na mwanafunzi aliyekwisha kuwa na kingamwili ya LC3, hata kama ni ya kuazima, angepata kwa p62 ushahidi wa pili unaotoka upande mwingine, badala ya kununua mara ya pili kitu alicho nacho.

Tena p62 iko karibu na kilodaltoni 62, hivyo haileti taabu ya protini ndogo zinazopenya utando wakati wa kuhamishwa kutoka kwenye jeli. Kwa maabara inayoanza, hilo si jambo dogo.

MaalimWaSeli alijibu:

Bi Hadubini, hoja yako ningeikubali kama dawa inayochunguzwa ingekuwa nyingine. Tatizo la p62 ni kwamba kiasi chake hakitegemei kusagwa peke yake. Jeni yake huamshwa na NRF2, ambayo ndiyo swichi kuu ya seli dhidi ya msukosuko wa oksijeni, na dondoo la mmea wa baharini lenye michanganyiko mingi ya kemikali ni kitu cha kwanza ambacho mtu angekishuku kuiamsha NRF2. Akiona p62 imepanda, atajuaje kama lisosomu zimezibwa au jeni imeamshwa? Hata seli zilizonyimwa chakula, ambazo hakuna anayebisha kwamba otofajia yake iko juu, p62 yake hushuka mwanzoni na inaweza kurudi juu baada ya saa kadhaa, na huyu mwanafunzi anapima saa 24. Miongozo ya kimataifa ya kupima otofajia, inayosimamiwa na Daniel Klionsky na ambayo toleo lake la nne lilitoka mwaka 2021, inasisitiza kutotegemea kipimo kimoja, na mimi naunga mkono. Ila ikiwa ni lazima kimoja kitangulie, kitangulie kile ambacho klorokwini inaweza kukitolea hukumu.

Nakubali, hata hivyo, kwamba p62 iwe ya pili kununuliwa, fedha ikipatikana. Na asipime saa 24 peke yake. Aweke pia saa 4 na saa 8, kwa sababu baada ya siku nzima seli huwa zimeshajirekebisha kwa njia nyingi na huwezi kujua kipi kilitangulia.

FundiWaWawi alijibu:

Salaam kutoka Pemba. Wakubwa wamemaliza ya nadharia, mimi niseme ya mezani.

Mstari wako wa 50 uuchunguze kabla hujanunua, kwani unaweza kukuambia mengi kuhusu hiyo chupa ya kuazima. Kata kipande cha utando chenye sampuli ile ile, ukipitishe kwenye kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza ili mstari uonekane, peke yake bila ya kwanza. Mstari ukitokea, mkosaji ni kingamwili ya pili au uzuiaji hafifu wa utando. Usipotokea, basi polikloni yako inashika protini nyingine isiyohusika. Polikloni ni mkusanyiko wa kingamwili nyingi kutoka damu ya mnyama mmoja, na mnyama akibadilika, fungu jipya haliwi sawa na la zamani hata kama namba ya bidhaa ni ile ile. Monokloni, zilizoanzia kwa Köhler na Milstein mwaka 1975, hutoka kwenye ukoo mmoja wa seli, na zile za rekombinanti hutengenezwa kwa jeni iliyokwisha kujulikana mpangilio wake, kwa hiyo chupa utakayonunua mwakani itafanana na ya leo. Kwa mtu mwenye nafasi ya kununua mara moja, mimi ningetafuta ya rekombinanti.

Usinunue kwa picha nzuri ya tangazo. Tafuta katika maelezo ya bidhaa kama wameijaribu kwenye seli zilizoondolewa jeni. Katika seli zisizo na LC3B mistari yote miwili inapaswa kutoweka. Katika seli zisizo na ATG5 au ATG7, mstari wa 14 hutoweka na wa 16 hubaki. Kingamwili iliyofaulu majaribio hayo mawili inastahili fedha yako. Mwaka 2016 kikundi cha kimataifa cha wataalamu kilipendekeza nguzo tano za kuthibitisha kingamwili, na kuondoa jeni ni mojawapo. Soma pia kama inashika LC3B peke yake au na LC3A na LC3C, maana hizo ni ndugu za karibu na baadhi ya kingamwili haziwatofautishi.

Kuhusu sungura au panya: kwa seli za HeLa, ambazo ni za binadamu, zote zinafaa. Ukija siku moja kupima tishu za panya kwa kingamwili ya panya, kingamwili ya pili itashika pia damu ya mnyama mwenyewe na kukuletea mistari karibu na 25 na 50, na huo wa 50 utakukera sana ukiwa unatafuta p62 iliyo jirani yake.

Sampuli zako zisivuke bahari zikiwa mbichi. Ukishavunja seli na kupima kiasi cha protini, changanya na bafa ya kupakia yenye SDS, sabuni inayokunjua protini, na uzichemshe huko huko Dar, ndipo uzifunge. Vimeng'enya vinavyokula protini vitakuwa vimekwisha kazi, na barafu ikiyeyuka ndani ya boti hutapoteza LC3-I yako. Gawa kila sampuli katika mirija midogo ya kutumika mara moja. Kwenye jeli tumia asilimia 15, au ya mteremko wa 4 hadi 20, la sivyo 14 na 16 zitakuwa mstari mmoja mnene. Utando uwe wa PVDF, aina ya plastiki, wenye vitundu vya maikromita 0.2, ulowekwe kwanza katika methanoli. Huo huishika LC3-II vizuri kuliko nitroselulosi. Usirefushe muda wa kuhamisha, kwa kuwa protini ndogo hupita upande wa pili.

Umeme. Sisi tuliokuwa kazini tunakumbuka Unguja ilivyokaa gizani kwa miezi mitatu hivi kuanzia Desemba 2009, njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika, na friza nyingi zilikufa na vilivyomo. Habari njema ni kwamba kingamwili ni imara kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa imekuja katika gliseroli ya asilimia 50, iweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Haigandi, kwa hiyo huna haja ya kuigawa, na umeme ukikatika kwa muda haigandi wala kuyeyuka kwa kurudiarudia, ambako ndiko kunakoharibu. Ikiwa haina gliseroli, igawe katika vipimo vidogo siku ile ile inapofika. Epuka friza inayojiyeyusha barafu yenyewe, kwa sababu hupasha joto na kupoza kila mara hata umeme ukiwepo. Ile unayoifanyia kazi wiki hii inaweza kukaa kwenye friji ya nyuzi 4.

La mwisho: wengi hutia azidi ya sodiamu kwenye kingamwili iliyokwisha kuchanganywa ili isiote ukungu na itumike tena. Kwenye kingamwili ya kwanza haina neno, mradi utando uoshwe vizuri. Kwenye kingamwili ya pili yenye peroksidasi usiitie kamwe, kwani azidi hukiua kimeng'enya hicho na utando wako utabaki mweupe, ukamlaumu muuzaji bure.

MwaniWaPaje alijibu:

Nawashukuru nyote, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimejaribu kingamwili ya pili peke yake kama Fundi alivyoelekeza, na mstari wa 50 haukutokea. Inaonekana ni polikloni yenyewe. Nimekwisha kuzungumza na msimamizi, amekubali tupange upya jaribio kwa makundi manne.

Nina swali moja zaidi. Maabara ya Dar ina hadubini ya mng'aro, na wameniambia naweza kuhesabu vitone vya LC3 ndani ya seli kwa kingamwili hiyo hiyo, kwa kutumia kingamwili ya pili yenye rangi nyekundu waliyo nayo tayari. Dondoo langu nimelikamua kwa methanoli. Kuna tahadhari yoyote?

BiHadubini alijibu:

Ipo, tena kubwa, na hapa ndipo nilipozoea. Methanoli huikamua klorofili ya mwani, na klorofili hung'aa nyekundu yenyewe bila kingamwili yoyote. Seli zilizokaa na dondoo lako zitakuwa na madoa mekundu ambayo yanaweza kufanana sana na vitone vya LC3, na kwa kuwa mengi huenda yakakusanyika kwenye lisosomu, hata mahali pake patakudanganya. Omba kingamwili ya pili ya kijani, na kila mara weka kioo cha seli zenye dondoo zisizopakwa kingamwili yoyote. Ukiona mng'ao pale, ujue unatoka kwenye mwani.

Hakikisha pia kwamba kingamwili uliyoichagua inafaa kwa hadubini. Zipo zinazofanya vizuri sana kwenye utando, ambako protini imekunjuliwa na SDS, lakini haziioni LC3 ikiwa katika umbo lake ndani ya seli. Kwa kuzikaza seli, methanoli baridi hufaa kwa kingamwili nyingi za LC3. Ukitumia formaldehidi, toboa utando wa seli kwa saponini au dijitonini, ambazo ni pole, kuliko Triton X-100, ambayo inaweza kuichukua LC3-II pamoja na mafuta iliyoshikamana nayo.

Na kwa kuwa dondoo ni la methanoli, lile kundi lako la “zisizotiwa kitu” halitoshi. Ukilikausha na kuliyeyusha upya katika kiyeyushi cha DMSO, zitie seli za ulinganisho kiasi kile kile cha DMSO, katika makundi yote manne, pamoja na yale yenye klorokwini. Pima pia kama seli bado ziko hai kwa kila kipimo cha dondoo, kwa sababu seli inayokaribia kufa hubadilisha otofajia yake kwa sababu zake, na hapo hata kingamwili bora kuliko zote haitaweza kukutenganishia.